Fuwele za Mnara wa Ngulilo

Simu ya uokoaji ilimkuta Injinia Subilaga juu ya ngazi, mkono mmoja umeshika bisibisi, mwingine akiupulizia pumzi ili vidole vipate joto. Ilikuwa asubuhi ya baridi kali, na ukungu ulikuwa umeishusha mbingu ya Ngulilo hadi usawa wa mapaa. Hata kilele cha mnara aliokuwa akiuhudumia hakikuonekana.

"Injinia, hapa ni Kamanda Nsajigwa, uokoaji Mbeya. Kipepeo chetu kimoja kimeanguka."

Subilaga alishuka ngazi harakaharaka. Kipepeo ni kile chombo kidogo cha kuruka kisicho na rubani, ambacho siku hizi ndicho gari la wagonjwa la huku milimani.

"Kimeangukia wapi?"

"Hapo ndipo penye shida. Mahali fulani kwenye nyanda za Kitulo. Ndani yake yumo mama mjamzito, anaitwa Atuganile, yumo mumewe, na muuguzi mmoja. Walikuwa wanaletwa huku, uchungu umeshaanza. Kitulo kumeganda barafu, Injinia, na ukungu ni huu huu unaouona. Vikosi vyangu viko tayari, ila havijui pa kwenda."

"Redio yao ya dharura?"

"Iko hai, lakini imeumia. Haiiti tena kwenye masafa yake. Imeteleza, na hesabu zetu zinaonyesha imekwenda kukaa pembeni kabisa mwa masafa ya saa zenu za moyo. Huku Mbeya milima inatukinga, hatuisikii. Setilaiti zinasikia kelele tupu. Mnara unaoitazama Kitulo uso kwa uso ni huo wako peke yake." Kamanda akasema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani, "Sogeza kichujio, sikiliza, kirudishe. Ni dakika chache tu."

"Dakika chache za nani?" Subilaga aliuliza.

Hakungoja jibu, akakata simu.

Kichujio chenyewe kilikuwa kisanduku cha chuma, ukubwa wa mkate, kilichofungwa kwenye mnara juu ya ngazi, ndani ya chumba cha mitambo kilichojengwa kuuzunguka. Siku hizi anga limekuwa kama gulio: magari yanazungumza, mashamba yanazungumza, hata ng'ombe wana redio masikioni, na yote hayo hupita kwenye mawimbi ya maikrowevu. Mnara usio na kichujio husikia yote kwa pamoja, maana yake hausikii lolote. Kichujio huchagua wimbi moja likapita, mengine yakabaki nje.

Ndani ya kisanduku hakikuwamo kifaa cha kuzunguka wala cha kusukumwa. Zilikuwamo fuwele kioevu, kitu ambacho si maji kamili wala si jiwe kamili. Chembe zake ni ndefu kama njiti, na zinapenda kulala zikielekea upande mmoja, kama majani ya ngano yaliyolazwa na upepo. Ukizipitishia umeme zinageuka, na zikigeuka, wimbi linalopita kati yake hubadilika mwendo. Hapo kichujio nacho hubadilisha sauti yake, kama uzi wa zeze unapokazwa.

Waliokitengeneza walikuwa watu waangalifu. Waliweka masafa ya moyo pale ambapo fuwele hupumzika zenyewe pasipo umeme, ili hata umeme ukikatika, mioyo isikatike. Mioyo yenyewe ilikuwa ya wanakijiji thelathini na kitu, wengi wao wazee, waliopandikizwa saa za moyo: vidude vidogo visivyo na betri, visivyohitaji mtu kupasuliwa tena kila baada ya miaka kadhaa. Mnara ndio uliovipa nguvu, na mnara ndio uliovipigia mapigo. Mmoja wa wazee hao alikuwa mama yake Subilaga, Bibi Tumpe.

Subilaga alivuka ua hadi zahanati, akamkuta Muuguzi Lutengano akipima mtoto joto. Alimvuta pembeni akamweleza.

"Saa zina akiba," alisema Lutengano polepole. "Mtu akikaa kimya kwenye kiti, akiba inamtosha kitambo, kama muda wa kuchemsha chai. Wengi hawatajua hata kama kuna kilichotokea, mioyo yao inajikongoja yenyewe. Lakini wako sita au saba ambao saa ikinyamaza, moyo nao unanyamaza."

"Mama yangu?"

"Mama yako ni mmoja wao. Unajua."

Alijua. Alitaka tu mtu mwingine aseme.

Simu ililia tena. "Umeshasogeza?" Kamanda Nsajigwa aliuliza.

"Bado. Nataka kuwauliza wenyewe."

"Kuwauliza! Injinia, ukiwauliza wazee swali kama hilo utawashtua, na mshtuko ndio utakaowaua. Fanya kimyakimya. Watakuwa wanakunywa uji, hawatatambua chochote."

Neno hilo lilikuwa na uzito, na Subilaga hakulidharau. Alisimama na simu sikioni akiutazama ukungu unavyopita dirishani. Kule juu palikuwa na mwanamke anayejifungua kwenye barafu, na kila alipovuta pumzi kufikiri, mwanamke yule naye alikuwa akivuta yake, kama bado anavuta. Lakini mkono huu uliotaka kuugusa umeme ungekuwa umeingia kifuani mwa watu bila kubisha hodi.

"Nitawauliza upesi," alisema.

Kila nyumba yenye saa ya moyo ilikuwa na redio ya mezani, iliyounganishwa na zahanati na chumba cha mnara kwa waya, kwa ajili ya salamu za asubuhi. Subilaga alifungua njia zote kwa pamoja, akaketi.

"Shikamooni wazazi wangu. Ni mimi, Subilaga wa mnarani. Naomba kila mmoja akae chini kwanza."

Aliwaambia habari yote: kipepeo, Atuganile, redio iliyoteleza. Akawaambia kwamba ili aisikie redio ile, lazima anyamazishe mnara kwa kitambo, na kwamba wakati huo mioyo yao ingeendeshwa na akiba.

Sauti ya mama yake ikatangulia. "Mwanangu, mimi fungua. Mtoto wa watu anajifungua kwenye barafu na sisi tumekaa tunaota moto?"

"Na mimi fungua," sauti ya pili ikasema. Ya tatu ikafuata, ya nne, wengine wakijibu huku wakikohoa, mmoja akiomba kwanza amalize sala. Lutengano alikuwa akiwahesabu kwa vidole. Kisha ikaja sauti nzito, iliyokwaruza.

"Mimi nasema hapana."

Alikuwa Mzee Anyosisye, fundi seremala mstaafu, aliyeishi peke yake ng'ambo ya bonde. Alikuwa mmoja wa wale sita au saba.

"Baba Anyosisye..." mtu alianza.

"Niacheni niseme. Kabla ya huyu binti, mnara huu ulikuwa wa kampuni nyingine. Siku moja wakaazima masafa yetu kwa ajili ya majaribio yao. Hawakumwuliza mtu. Mke wangu Lugano alikuwa anaanika nguo. Nilimkuta chini ya kamba, shuka limemwangukia. Mpaka leo hakuna aliyekuja kuniambia hata pole. Kwa hiyo mimi nasema hapana, na mniache na hapana yangu."

Kwenye simu yake, iliyokuwa bado wazi, Kamanda alikuwa akisikia. "Injinia," alinong'ona kwa ukali, "ni mtu mmoja!"

"Ndiyo, ni mtu mmoja," Subilaga alijibu, "na kule wako watatu, na wa nne yuko njiani. Kuhesabu najua, Kamanda." Kisha akairudia redio ya mezani. "Baba, pole sana kwa mama Lugano. Ukisema hapana, mimi sitafungua."

Alisema hivyo akijua ameahidi jambo ambalo lingeweza kuwaua watu ambao hakuwahi kuwaona.

Mzee Anyosisye akauliza, "Hicho kichujio, ukikisogeza, kinarudi vipi?"

Lutengano alimtazama Subilaga akatikisa kichwa kidogo, ishara ya *usimwambie*. Lakini swali lilikuwa limeshaulizwa.

"Hilo ndilo baya lake, baba. Kwenda ni upesi. Umeme unazisukuma zile fuwele, zinageuka mara moja. Kurudi hakuna wa kuzisukuma. Zinarudi zenyewe, taratibu, kama mtu anayejilaza. Zikiwa na joto zinarudi upesi. Zikiwa na baridi zinakuwa nzito kama samli ya asubuhi. Na kipasha joto cha kisanduku kimekufa juzi, kipya hakijafika kutoka Mbeya. Hatukuhangaika, kwa sababu kichujio kikiwa kimepumzika baridi haikidhuru."

"Kwa hiyo leo kitachelewa kurudi."

"Leo kinaweza kuchelewa kuliko akiba yenu."

Sasa redioni pakawa na minong'ono. Mmoja wa waliokubali akasema, "Ala! Hilo hukulisema mwanzo." Subilaga alihisi uso ukimwaka. Ni kweli, hakulisema. Alikuwa amelizunguka kama mtu anavyolizunguka shimo, akitumaini hakuna atakayechungulia.

"Sikulisema," alikiri. "Niliogopa mngekataa wote."

"Sasa umesema kweli," alisema Mzee Anyosisye, na sauti yake ilikuwa imelegea kidogo. "Wale wengine hawakufika hata hapo. Sikiliza, binti. Mimi sijasema yule mama afe. Nimesema siingii kwenye chumba ambacho mlango wa kutokea haujulikani. Kautafute huo mlango, halafu urudi uniulize tena. Mimi nipo, siendi popote."

Subilaga aliinuka hata kabla mzee hajamaliza.

Joto. Kilichohitajika kilikuwa joto tu, lakini si joto lolote. Moto wa gesi ungefanya kazi upesi, ila fuwele kioevu zikipashwa kupita kiasi huvurugika: zile njiti husahau mpangilio wake, zikawa maji ya kawaida, na kichujio kikawa mkebe wa bati. Maji ya moto yangeingia kwenye viungio. Alihitaji kitu kikavu, kinachoshika joto na kulitoa polepole, na alikihitaji sasa hivi.

Aliingia jikoni mwa zahanati. Sufuria kubwa ya viazi vya wagonjwa ilikuwa ndiyo kwanza imeepuliwa, mvuke umejaa hadi darini. Subilaga alivitazama kana kwamba hajawahi kuona kiazi, yeye aliyezaliwa Uporoto, nchi ya viazi.

"Lutengano! Lete mataulo!"

Walivimwaga kwenye meza, wakavikausha. Subilaga akawa anakishika kimoja kimoja kiganjani. Kilichomchoma alikiweka kando kipoe. Kilichovumilika alikitia ndani ya taulo. Alijua kwamba kile ambacho kiganja cha mtu kinakistahimili, fuwele nazo zitakistahimili. Walipopata mafurushi ya kutosha, wakayafunika kwa blanketi na kukimbia nayo hadi mnarani. Akapanda ngazi, akakizingira kisanduku kwa viazi pande zote, akakifunga kwa kanga yake na kuikaza kama mbeleko.

Walingoja chuma kipate joto, na huko kungoja kulimtesa kuliko kukimbia. Kisha alijaribu kwanza. Alizisogeza fuwele kidogo tu, ndani ya ukingo wa masafa ya moyo, ili mapigo yasikatike, halafu akazima umeme na kutazama kioo cha vipimo. Mstari uliosogea ulianza kurudi. Haukukimbia, lakini ulitembea, na dakika chache nyuma, katika baridi ile, ungekuwa unatambaa.

Aliirudia redio ya mezani, ile ya humo mnarani. "Baba Anyosisye, nimeupata mlango. Si mpana. Nimekizungushia kisanduku viazi vya moto na nimekijaribu. Kwa hesabu yangu kitarudi kabla ya akiba yenu kwisha. Hesabu yangu inaweza kukosea. Lakini hii ndiyo hesabu niliyonayo."

"Viazi?" mzee aliuliza.

"Viazi, baba."

Mtu mmoja alicheka redioni, kicheko cha woga, kikaambukiza wengine. Mzee Anyosisye hakucheka. "Tumpe," aliita, "umemsikia mwanao?"

"Nimemsikia."

"Wewe umekubali kwa sababu ni mwanao, ama?"

"Nimekubali kwa sababu siku niliyomzaa huyu, ulikuwa ukungu kama huu," Bibi Tumpe alijibu, "na mkunga alipotea njia. Nilipiga kelele hadi sauti ikaisha. Nilitamani mtu yeyote anisikie, hata adui."

"Haya," alisema mzee. "Lakini mimi nakaa peke yangu humu. Sitaki kuisikiliza saa ikizimika peke yangu. Tumpe, uzungumze na mimi mpaka iishe."

"Nizungumze nini?"

"Chochote. Gombana na mimi kama ulivyozoea."

Lutengano akawauliza wengine tena, na wote wakakubali. Subilaga alivaa vipokea sauti kichwani, akaweka kidole kwenye swichi. "Wazazi wangu, nanyamazisha mnara. Mtulie." Akabonyeza.

Mara masikio yake yakajaa dhoruba. Zilikuwa kelele za anga lote, zikipita kwa mkupuo jinsi kichujio kilivyokuwa kikihama. Kisha zikapungua, zikabaki kama mvua ya mbali. Akaugeuza uso wa antena taratibu kuelekea Kitulo. Hakukuwa na kitu. Nyuma yake, kwenye redio ya mezani, wazee walikuwa wakizungumza.

"Mwaka ule barafu ilipounguza pareto," Mzee Anyosisye alikuwa akisema, "nyinyi mlikuja kukopa mbegu kwetu."

"Sisi? Nyinyi ndio mliokuja! Na mama yako alirudisha zilizooza."

"Uongo huo, Tumpe."

Subilaga akageuza antena zaidi. Bado mvua tu. Akageuza tena, na hapo akaisikia: mlio mwembamba, umepasuka, unaokuja na kukatika, kama kifaranga aliyefunikwa na kikapu. Alishika pumzi. Aliupita, ukafifia, akaurudia, ukapanda. Akasoma vipimo kwa sauti kwenye simu ya Kamanda.

"Mstari unakatiza bonde la mashariki, na kwa nguvu ya mlio, wako upande huu wa korongo. Karibu na pale barabara ya zamani ya ngano inapokunja. Umepata?"

"Nimepata! Vijana wako karibu na hapo, wanakwenda! Rudisha, Injinia, rudisha!"

Subilaga alikuwa ameshauzima umeme. Sasa ilikuwa kazi ya fuwele. Mstari kwenye kioo ulianza safari ya kurudi, ukatembea hadi nusu ya njia, kisha ukapunguza mwendo. Subilaga alipanda ngazi akaingiza mikono chini ya kanga. Viazi vya upande wa dirisha, ulikopenya upepo, vilikuwa vimepoa. Alivitoa akavitupa chini, akavihamisha vyenye moto, akalaza viganja vyake viwili juu ya chuma, akaukumbatia mnara wenyewe kwa kifua.

"...na ule mwembe, sijui mparachichi, uliokuwa mpakani," Mzee Anyosisye alikuwa akisema, lakini maneno yalianza kuja moja moja, kama mtu anayepanda mlima. "Baba yako... ndiye... aliye..."

Akanyamaza.

"Anyosisye," aliita Bibi Tumpe. Sauti yake mwenyewe ilikuwa imepungua. "Anyosisye, aliyefanya nini? Malizia uongo wako."

Waya haukujibu. Lutengano alikuwa ameshika mkoba wa dharura, mguu mmoja nje ya mlango, akijua kabisa kwamba ng'ambo ya bonde hafiki kwa wakati. Subilaga alifumba macho. Hakuomba kwa maneno. Aliminya tu chuma kile kama mtu anayekamua maji kwenye nguo.

Chini, kwenye kioo, mstari uligusa mahali pake, na kipaza sauti cha mnara kikaanza tena kupiga, *du, du, du,* sawasawa, kana kwamba hakikuwahi kukosekana.

"Anyosisye!" Bibi Tumpe aliita.

"Nakusikia, mwanamke," sauti iliyokwaruza ikajibu. "Nilikuwa navuta pumzi. Siku hizi mtu haruhusiwi hata kuvuta pumzi?"

Pale juu ya ngazi, Subilaga aliegemeza paji la uso kwenye mnara, akacheka na kulia kwa pamoja, na hakujali kwamba Lutengano anamwona, kwa sababu Lutengano mwenyewe alikuwa ameketi sakafuni amejifunika uso kwa mikono. Waliitana wazee wote, nyumba hadi nyumba, na nyumba zote zikajibu. Mmoja tu alichelewa. Alikuwa amesinzia mara tu alipokubali, na hakusikia lolote.

Kipepeo kilipatikana mahali palepale, ubavu umezama kwenye majani yenye barafu. Muuguzi alikuwa amevunjika mguu. Mume alikuwa amemvika mkewe nguo zake zote, na yeye mwenyewe alikuwa akitetemeka kiasi kwamba hakuweza kutaja jina lake. Atuganile alikuwa mzima, na uchungu ulikuwa umetulia wenyewe, kana kwamba mtoto ameamua kungoja mahali penye joto. Alizaliwa jioni hiyohiyo hospitalini, msichana, na Kamanda Nsajigwa ndiye aliyepiga simu kutoa habari.

"Injinia," alisema baadaye, akitafuta maneno, "ungesogeza mara ile ya kwanza nilipokwambia, kabla ya viazi..."

"Najua."

"Nami sasa najua," alisema Kamanda. "Yule mzee, mpe salamu zangu. Hapana. Nipe namba ya nyumba yake, nitampa mwenyewe. Na ile habari ya mkewe... nitampa na pole."

Ukungu ulikuwa umeanza kupasuka Subilaga alipofika nyumbani. Mama yake alikuwa amejilaza kwenye kiti kirefu karibu na jiko, macho yamefumbwa. Subilaga hakumsemesha. Alipiga magoti, akalaza sikio kifuani mwa mama yake, juu ya sweta la sufu lililonusa moshi, akasikiliza.

"Unatafuta nini hapo?" Bibi Tumpe aliuliza bila kufumbua macho.

"Nasikiliza kama upo."

"Nipo. Haya inuka, kichwa chako kizito."

Lakini mkono wake ulikuwa umeshakishika kile kichwa, na haukukiachia.